Diski Yangu Haina Homa

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi wa kompyuta, usiulize. Acha tu mashine yako ianze kukohoa mlango ukiwa wazi. Mimi nina papeteri ndogo hapa Biryogo: natoa fotokopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao wa Irembo, na kompyuta yenyewe iko karibu na kizingiti. Diski ilipoanza kulia tak, tak, tak, kila aliyekuwa akipita kwenda kunywa chai alichungulia, akatega sikio, akatikisa kichwa, kisha akatoa hukumu ileile: "Hilo joto, mzee. Itafutie feni."

Joto! Hapa Kigali! Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wetu wa kawaida ni nyuzi 26 au 27, zikizidi kidogo tunaanza kutazamana, tunatafuta wa kumlaumu. Mwezi wa saba asubuhi vijana wa pikipiki wanapita wamevaa makoti mazito hadi shingoni. Nina binamu yuko Muscat, ambako mwezi wa sita nje ni nyuzi 40 na ushee, na kompyuta yake ina umri wa mtoto wa kuanza darasa la kwanza. Haijawahi hata kupiga chafya. Mimi wa mlimani, ninayelala na blanketi mbili, ndiye ninayeambiwa nimeiunguza diski.

Najua ugonjwa huu ulikotoka. Biryogo ni mtaa wa vipuri vya magari. Ukiamka ni rejeta, ukilala ni gasketi. Watoto wetu wanajua bei ya plagi kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Watu waliokulia kwenye grisi wanaamini kwamba kila kinachozunguka kina adui mmoja tu duniani. Hajji jirani yangu, ambaye anauza rejeta na kwa hiyo hana upendeleo wowote katika suala hili, aliniambia kwa upole: "Injini isiyopozwa ni chuma chakavu, na hiyo yako ni injini ndogo."

Nikamwambia: "Hajji, injini inachoma mafuta. Diski haichomi kitu."

"Sasa hilo vuguvugu linatoka wapi?" Akaingiza mkono, akaigusa kwa kiganja, kama anavyowagusa wajukuu zake paji la uso. Akanitazama kwa huruma. Baraza zima likaridhika.

Na mama watoto akapata habari. Sijui nani alimpelekea, ila jioni aliingia na feni ya mezani, ya kijani, yenye shingo inayogeuka. Fedha zile nilikuwa nimezitenga kununulia diski ya pili. Nilisema hivyo. Akaniuliza mgonjwa anapewa dawa au ananunuliwa kaburi. Ukishaulizwa swali kama hilo mbele ya wateja, unatafuta soketi.

Kwa hiyo kijana mmoja fundi akafungua ubavu wa kompyuta, feni ikaelekezwa ndani, na maisha yakaharibika. Ile shingo inayogeuka haichagui. Inapoza diski, inageuka, inapuliza meza nzima. Vyeti vya ndoa, mikataba ya pango, barua za kuomba kazi, vyote vikatoka mlangoni bila kulipiwa. Nashukuru kwamba tangu 2021 barabara hii imefungwa magari, ikapakwa rangi na kujazwa meza za migahawa. Cheti cha kuzaliwa kikipeperuka siku hizi kinatua kwenye sahani ya chapati. Zamani kingeingia chini ya lori. Lakini kumrudishia mteja cheti chenye alama ya mchuzi wa maharage kunahitaji ufasaha ambao sikuzaliwa nao. Na kashi pawa! Tulikuwa tunaweka umeme kwa adabu. Sasa mita inapiga kelele kabla ya Isha.

Nikaona afadhali nisome mwenyewe. Mtu akishikilia kwamba joto ndilo muuaji, atuoneshe maiti.

Maiti zipo, na zilishahesabiwa. Mwaka 2007 wahandisi watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa utafiti wa diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Diski laki moja, si moja ya mzee wa papeteri. Walitarajia, kama Hajji, kukuta kwamba zenye joto ndizo zinazokufa. Hawakukuta hivyo. Katika viwango vya kawaida joto halikuonekana kuwa na neno. Zile zilizokaa kwenye baridi ndizo zilizokufa zaidi, na joto lilianza kuuma pale tu lilipopanda sana, tena kwa diski zilizokwisha kuzeeka. Na kampuni hiyohiyo imekuwa ikiwaambia wenye kumbi za seva waache kujigandisha bure, wapandishe kipimo hadi nyuzi 27 hivi. Nyuzi 27! Hiyo ni saa nane mchana ya Biryogo. Hali ya hewa ambayo matajiri wa California wanailipia, mimi ninayo bure barazani, na bado nimeletewa feni.

Nilimsomea Hajji. Akauliza hao Google wanauza vipuri? Nikasema hapana. "Basi," akasema, na chai ikaendelea.

Kijana fundi naye hakukubali kushindwa. Alirudi kesho yake na simu yake, uso unang'aa. Alikuwa amekuta kwamba watu wa Microsoft nao walihesabu, wakatoa matokeo yao 2011, na wao waliona joto linahusika kweli na vifo vya diski. Haya, bao lake. Mimi si mtu wa kukataa bao. Ila hao walichunguza kumbi zenye maelfu ya seva, diski zimepangwa nyuma ya diski nyingine, za mwisho zinapumuliwa hewa ya moto ya za mwanzo. Kwangu iko moja, na nyuma yake kuna ukuta na kalenda. Halafu nikamwonesha wale wa Chuo Kikuu cha Toronto, 2012, waliokuta kwamba kwa makosa ya usomaji wa diski kinachosumbua zaidi ni joto kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kuliko wastani wake. Na feni yetu ndiyo kazi yake hiyo. Inapoza, umeme unaisha, inazima, mtu anakimbia kununua tokeni, inapoza tena, mama watoto anaichomoa achaji simu, inazima. Tumeiletea diski malaria ya kununua.

Feni pia inakula vumbi na kulitapika. Kiangazi chetu kikianza, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya bahasha iliyofungwa. Ongeza moshi wa makaa kutoka kwa mchoma brosheti, ambaye jiko lake limekaa pale hasa upepo unapotokea. Tulipozungusha kompyuta kuiangalia vizuri, ndani mlikuwa na tabaka la unga wa rangi ya matofali, laini, lenye harufu ya mbuzi. Na hapo ndipo nilipoona jambo lililonitoa roho.

Diski ya kawaida ina tundu dogo sana juu ya kifuniko chake, na pembeni maandishi ya kukataza kuliziba. Ni pua yake. Ndani kuna sahani zinazozunguka, katika kompyuta za mezani mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na juu ya kila sahani kinaelea kichwa cha kusomea. Hakigusi. Kinabebwa na hewa, kwenye nafasi nyembamba hata unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo mara maelfu. Hewa hiyo inaingia kwa lile tundu, kupitia kichujio, ili msukumo wa ndani na wa nje ulingane. Sasa, duka lililoniuzia diski hii, sitalitaja, lilikuwa limebandika stika yake ya dhamana. Wapi? Juu ya tundu. Sawasawa kabisa, kwa kipimo, na muhuri juu yake. Stika yenyewe inasema ukiibandua dhamana imekufa. Yaani nichague: diski ipumue bila dhamana, au ife kwa kukosa pumzi ikiwa na haki zake zote.

Nilimwonesha fundi. Akasema labda tundu linaingiza joto.

Kwa taarifa yenu, kama kuna jambo la hali ya hewa ambalo mtu wa Kigali angeweza kuwa na wasiwasi nalo, ni urefu wa milima yetu. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kichwa kinachobebwa na hewa kinahitaji hewa ya kutosha. Watengenezaji wengi wanaweka mpaka wa mita 3,000 hivi. Sisi tuko nusu yake, tulale salama. Ukipanda na kompyuta yako Karisimbi, mita 4,507, hapo shauri yako. Lakini mtaani hakuna hata mmoja aliyeniambia "mzee, ni mwinuko". Wote feni.

Dhamana yenyewe ni kichekesho kinachojitegemea. Diski kubwa za maofisini huandikwa kwenye karatasi zake kwamba wastani wa muda hadi kuharibika ni saa milioni moja. Gawanya. Ni miaka 114. Halafu angalia dhamana ya hii uliyonunua: miaka miwili, mitatu ukiwa na bahati. Mtu anakuahidi kuishi miaka 114 lakini anaweka saini ya miwili, huyo ungempa binti yako? Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikagua ahadi hizo mwaka uleule wa 2007. Kwa hesabu ya karatasi, diski zinazobadilishwa kwa mwaka zisingefika hata moja katika mia. Wao walikuta mbili hadi nne katika mia ni jambo la kawaida, na mahali pengine zilifika 13. Hapo hapakuwa na makaa, wala mbuzi, wala stika.

Nilipofika hapo nilitegemea mtaa utanyamaza. Badala yake tukapanda daraja, tukaingia kwenye friji.

Kuna tiba ya zamani inayozunguka duniani kwamba diski inayokufa igandishwe usiku mmoja, asubuhi itaamka uchukue faili zako. Kwa mashine za kale zilizokwama mhimili inasemekana iliwahi kusaidia. Kwa za leo ni kuialikia maji: ukiitoa, unyevu unatua ndani kama unavyotua kwenye chupa ya soda, na kile kichwa kinachoelea juu ya upenyo usioonekana kinakutana na bwawa. Nililieleza hili kwa utulivu. Shemeji yangu, ambaye friji ni yake, alishasafisha nafasi kati ya samaki sambaza na mchicha.

Kilichoniokoa ni serikali. Maelekezo yanasema ufunge diski kwenye mfuko wa plastiki, na mifuko ya plastiki Rwanda ilipigwa marufuku kwa sheria tangu 2008. Hebu jaribu kutafuta mfuko wa nailoni Biryogo. Watu wanakutazama kana kwamba umeulizia bunduki. Shemeji akapendekeza bahasha ya kaki. Kaki! Ambayo inanyonya maji hata ya nyanya moja. Tulijadili bahasha ya kaki hadi mjumbe wa mudugudu aliyekuwa amekuja kutoa fotokopi akauliza kama kuna tatizo la ulinzi. Sijawahi kuishukuru sheria ya mazingira kwa moyo kama siku ile.

Kitu ambacho kinaweza kuiumiza diski kweli, na kila mtu anakitenda mbele yangu bila haya, ni kelele. Hapa naona mnacheka. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa Sun Microsystems, alirekodiwa akizipigia diski makelele katika ukumbi wa seva, na kwenye skrini zikaonekana zinachelewa kujibu pale pale alipopaza sauti. Septemba 2016 benki ya ING huko Bucharest ilijaribu mfumo wake wa kuzima moto kwa gesi. Gesi ilitoka kwa mlio mkubwa mno, mtikisiko wake ukaharibu diski, na huduma za benki zikalala kwa saa kadhaa. Hakukuwa na moto. Mwaka 2022 Raymond Chen wa Microsoft akasimulia jinsi wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation", ulivyokuwa ukizimisha baadhi ya kompyuta ndogo za zamani, kwa kuwa sauti moja ndani yake ililingana na mtetemo wa diski za kompyuta hizo. Hata kompyuta ya jirani, isiyocheza wimbo huo, ilizima kwa kusikia tu. Wimbo umeingizwa kwenye orodha rasmi ya udhaifu wa usalama wa kompyuta.

Sasa mlango wa pili kutoka kwangu kuna kijana anauza spika. Siyo spika za kusikiliza, spika za kuhamisha fanicha. Akizijaribu, stepla zangu zinatembea mezani. Nilimwendea kwa heshima na habari za Bucharest. Akanisikiliza vizuri sana, maana kijana ana adabu, akanipa pole ya benki, halafu akasema: "Lakini mzee, hiyo yako si ni joto?"

Na bado sijasema habari za pikipiki. Fundi alitaka kuipeleka diski mjini kwa mwenzake mwenye mashine ya kuipima. Akaitumbukiza kwenye begi pamoja na bisibisi na nyundo ndogo, akarukia pikipiki, na nikawaona wakiruka tuta la kwanza wakiwa hewani wote watatu, yeye, dereva na diski yangu. Kitu ambacho tulikuwa tumekipuliza, tumekitandikia kitambaa, na nusura tukilaze kwenye friji, sasa kinachapwa na nyundo kwa kila tuta hadi katikati ya mji. Hakuna aliyeguna. Kule diski ilikuwa na upepo mwingi, si ndiyo?

Alirudi na majibu. Mfumo wa kujichunguza ulio ndani ya diski umeandika makosa. Wale wa Google walikuta kwamba diski ikishatoa kosa la kwanza la aina moja wanayoiita ya ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 kuliko isiyo na kosa hilo. Na zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikuwa zimelalamika chochote. Kwa hiyo yangu imenitendea wema kwa kukohoa. Nilimwuliza joto lake lilisomeka ngapi. Alitazama karatasi, akatazama barabarani. Nyuzi 38. Diski hizi zinaruhusiwa hadi 60. Nikamwomba alirudie kwa sauti, Hajji alikuwa karibu.

"Thelathini na nane," akasema Hajji. "Kwa mtu hiyo ni homa."

Ilikufa usiku wa Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi za pamoja, feni ikiwa imewaka kwa kasi ya tatu. Picha za harusi za nusu ya mtaa ziko salama. Nilikuwa nimeshazihamishia kwenye diski ya kuazima ya binti yangu siku ileile ilipoanza kulia. Nasema hivyo kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Walikuja kutoa pole, wakakaa, wakanywa chai yangu, na swali lilikuwa moja: feni ilikuwa ya ukubwa gani?

Sasa nimenunua diski ya aina mpya isiyo na sahani wala kichwa, haina kinachozunguka ndani yake. Haina pua ya kubandikiwa stika. Nayo itakufa, najua, tena hizi zinakufa kimya bila hata kukohoa, kwa hiyo nakala naweka mbili. Hajji aliichukua mkononi, akaipindua, akaona nyepesi mno kuwa na thamani. Nilimwambia zamani, 1956, IBM ilitoa diski ya sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, mashine nzima ina uzito wa zaidi ya tani moja, na inabeba megabaiti tano tu hivi. Macho yakamng'aa. "Hiyo," akasema, "hiyo ningeiuzia rejeta."

Feni nilimuuzia mchoma brosheti, bei ya hasara. Anaielekeza kwenye makaa, na lazima nikiri makaa yanawaka kwa heshima. Ila amekuja kulalamika kwamba ikikaa karibu na jiko mota yake inachemka. Anauliza kama sijui mahali pa kupata feni nyingine, ndogo, ya kuipoza hiyo.